Kambo hugeuza kitambaa kwanza

Jogoo wangu wa kwanza alikuwa mzuri. Nasema bila aibu: mkia wa kijani na buluu, kilemba chekundu, jicho la kifundo kimoja cha uzi mweusi. Nilimtarizi kwa wiki tatu kwenye kitambaa cheupe cha pamba, mwaka wangu wa kwanza wa kusomea nguo hapa Lubumbashi. Siku nilipommaliza nilipanda basi hadi Katuba kumwonyesha bibi yangu. Huku kwetu bibi na babu tunawaita kambo, basi nami nitamwita hivyo.

Kambo alikipokea kitambaa kwa mikono miwili, akakigeuza. Jogoo hakumtazama hata kidogo. Upande wa nyuma kulikuwa na mafundo makubwa kama punje za mahindi, na nyuzi zilizokatisha kutoka mguuni hadi kichwani kama waya za umeme za mtaa wetu.

"Sasa huyu ni jogoo ao ni kiota yake?" aliniuliza.

Nilicheka ili nisilie. Alinirudishia kitambaa, akaenda jikoni kusonga bukari, ugali wetu, na hapo ndipo nilipojua kwamba mafunzo yangu yalikuwa hayajaanza.

Shuleni tulifundishwa zaidi patroni, kukata na mashine. Kutarizi kwa mkono kulikuwa na mchana mmoja tu kwa juma, na wengi wetu tulikuona kama kazi ya wanawake wa zamani, ya vitambaa vya makochi na mashuka ya arusi. Mjini kuna mafundi wa mashine wanaotarizi kifua kizima cha bubu, lile gauni pana, kabla hujamaliza soda yako. Nani atakusubiri wewe na sindano? Ila mashine zinataka umeme, na umeme ukikatika darasa zima linabaki linatazamana. Mimi nilianza kubeba kitambaa na sindano kwenye mkoba kwa sababu hiyo tu: sikupenda kukaa bure. Mapenzi yalikuja baadaye.

Kambo alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba. Mama yake alijifunza sindano kwa masista, waliowafundisha wake na mabinti wa wachimbaji kushona, kufuma na kutarizi. Kusudi lilikuwa kumtengeneza mke wa nyumbani wa namna waliyoitaka Wabelgiji, na Kambo mwenyewe hulisema hilo huku akicheka. Wabelgiji waliondoka, yeye sindano akaibakiza.

Alinianzisha upya kama mtoto. Uzi wa muline, ule wa kutarizia, una nyuzi ndogo sita zilizosokotwa pamoja, na mimi nilikuwa ninatumia zote sita kwa pupa. Akanionyesha kuzitenganisha: unakata uzi usiopita urefu wa kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, unashika nyuzi ndogo moja tu kwa juu, unaivuta wima taratibu huku zilizobaki zikijikunja kama konokono kwenye vidole vya mkono wa pili, halafu unazinyoosha. Unazivuta moja moja hata kama unahitaji tatu. Ukivuta tatu kwa mara moja zinafungana, na utapoteza robo saa ukizifungua kwa meno.

Fundo la kuanzia alilipiga marufuku. Unaacha mkia wa uzi nyuma, unaulaza kwenye njia utakayopita, na vishono vyako vya kwanza vinaumeza. Kumalizia ni hivyo hivyo: unapitisha sindano chini ya vishono vinne au vitano kwa nyuma, unakata. Kuruka kutoka jani moja hadi jingine kwa nyuma ilikuwa dhambi ikiwa nafasi inazidi upana wa ukucha. "Unatumikaka mbio sana," aliniambia kila nilipodanganya. "Kitambaa haikimbiake."

Nilifumua zaidi ya nilivyoshona. Nilijifunza kufumua vizuri, jambo ambalo hakuna mtu hulisifia: unakata kishono katikati kwa nyuma, unachomoa kutoka mbele kwa tundu la sindano badala ya ncha, kisha unalowesha kidole na kusugua matundu hadi yajifunge.

Kosa langu kubwa lakini halikuwa la mkono. Kwa mtihani wa mwisho wa mwaka nilinunua uzi mwekundu wa bei rahisi sokoni, kwa muuzaji aliyeniapia kwamba hauchuji. Nilitarizi maua kuzunguka kitambaa chote cha meza, nikakiloweka usiku kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ili kitoe alama za kalamu. Asubuhi nilikuta beseni la sharubati. Kitambaa cheupe kilikuwa cha waridi chenye mawingu. Nilikisuuza kwenye maji baridi mara kumi na nane, ndiyo, nilihesabu, na kila mara maji yalitoka na rangi. Nilipata alama ya kupita kwa huruma. Tangu siku hiyo uzi wowote mpya naulowesha, naubana ndani ya kipande cheupe na kupiga pasi juu yake kabla haujagusa kazi. Inachukua dakika mbili.

Mwaka wa pili mwalimu wetu wa michoro, mwanamke mkali mwenye sauti ndogo, alitupeleka Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Mlangoni alikusanya simu zetu zote kwenye mfuko wa plastiki. Tulinung'unika sana. Mimi nilikuwa nimeshatembelea maonyesho mawili kabla ya hapo na kurudi na picha zaidi ya sitini ambazo sijawahi kuzifungua hadi leo. Alitupa penseli na karatasi moja kila mtu: chagua kitu kimoja, kichore kwa saa nzima.

Nilichagua msalaba wa shaba, kwa uvivu, maana ulionekana rahisi. Misalaba ya Katanga kila mtoto wa hapa anaijua. Ilikuwa pesa ya zamani, na midogo yake ilikutwa ndani ya makaburi ya kale kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale. Hata bendera ya Katanga iliyojitenga, kuanzia 1960 hadi 1963, ilikuwa na misalaba mitatu. Nilidhani nitamaliza kwa dakika tano. Lakini baada ya dakika ishirini nikaona kwamba mikono yake minne hailingani. Mmoja ulikuwa umenenepa mwishoni, mahali shaba ya moto ilipojaa kwenye kalibu. Ukingo ulikuwa na mawimbi madogo. Upande mmoja ulikuwa laini na mwingine umekwaruza. Niliuliza kama ninaweza kuona chini yake, mlinzi akacheka, akasema vitu vya ndani ya kioo havigeuzwi.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeudhika kidogo, bila kujua ni kwa nini.

Kitambaa kilichonibadilisha nilikiona miezi michache baadaye, katika onyesho dogo la vitu vya Kasai. Kilikuwa cha Wakuba, watu wa huko Kasai, cha rafia, nyuzi za majani ya mchikichi wa rafia, kile ambacho wazungu walikipa jina la velur, yaani mahameli, ya Kasai. Kwa mbali unaona mraba wa kahawia na manjano wenye pembetatu na mistari inayofuatana, ghafla mistari inabadili nia na kwenda kwingine. Kwa karibu ni manyoya, mafupi, ya kukatwa, yanayotaka uyapapase.

Mama aliyekuwa akisimamia meza aliniona nimepiga magoti nikijaribu kuchungulia chini ya kitambaa. "Unatafuta nini, mwanangu?"

"Nyuma yake, mama."

Alikuwa na kingine cha kuuza, kisicho na fremu. Akanipa mkononi. Nikakigeuza kama Kambo.

Nyuma hapakuwa na kitu: hakuna fundo, hakuna uzi uliokatisha, ufumaji mtupu wa rafia, safi. Ilinibidi nikae chini kwenye kiti chake.

Alinieleza, na baadaye nimesoma na kujaribu hadi nikaelewa. Kwa Wakuba mwanaume hufuma kitambaa, mwanamke hukitarizi. Mwanamke anachukua unyuzi mmoja wa rafia uliolainishwa, anaupitisha kwa sindano chini ya uzi mmoja tu wa ufumaji, anauvuta hadi unabaki mkia mdogo wa milimita chache, anakata upande wa pili kwa kisu kidogo. Kisha mwingine, kando yake. Hafungi. Kinachoshika yale manyoya ni ufumaji wenyewe kubana. Na mara nyingi hachori kwanza, mchoro uko kichwani. Kazi isiyozidi ukubwa wa mto wa kulalia inaweza kula miezi.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kuiga. Nilitumia pamba juu ya pamba, uzi laini juu ya kitambaa kilicholegea, nikafanya mraba wa vidole vinne kwa siku mbili, nikaukata vizuri kwa wembe, nikaupiga vumbi. Manyoya yote yalianguka sakafuni. Dada yangu akapita, akauliza nani amenyonyoa kuku.

Hapo nilielewa jambo ambalo darasani hulisikia likipita tu: mtindo hauhami peke yake, unahama na nyuzi zake. Rafia ni ngumu, ina ukavu, inakamatana. Muline inateleza. Ningeweza kutafuta rafia, lakini mimi si Mkuba, na miaka yangu miwili ya sindano haifiki popote. Niliacha, wala sijutii.

Kitu kimoja nilikibeba. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu Wakuba: miaka ya 1920 wamisionari walimletea mfalme wao pikipiki wakitaka ashangae. Chombo chenyewe hakikumsisimua. Alichokipenda ni alama ambazo matairi yalichora mchangani. Akaamuru mchoro ule unakiliwe, ukaingia katika hazina yao ya michoro kwa jina lake. Ninakipenda kisa hiki kuliko maelezo yote ya sanaa niliyowahi kusomewa. Nilimsimulia Kambo. Akasema, "Huyo mufalme alijua kuangalia." Akaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo.

Kisha nikakutana na wachoraji wa Hangar. Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyoitwa Hangar hapa mjini, enzi hizo Élisabethville, akawapa vijana rangi na kuwakataza kunakili mifano ya Ulaya. Majina yao wengi wetu tunayasikia shuleni: Pili Pili Mulongoy na samaki na ndege wake, Bela aliyepaka rangi kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga. Nilikuwa nimezoea kuwaona kwenye kadi na kalenda, picha ndogo za kumpelekea mgeni. Sikuwahi kusimama mbele ya mchoro wa kweli hadi siku ile, kwenye onyesho ambalo niliingia kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha.

Mbele ya Mwenze Kibwanga nilisahau mvua. Mtu huyu hakupaka rangi, alishona. Mwili wa mnyama, mgongo wa mwindaji, ardhi, vyote ni vistari vifupi vifupi vilivyopangwa sambamba, kahawia karibu na udongo, udongo karibu na nyeusi. Umbo linatokea pale vistari vinapogeuka. Bega likiinuka, vistari vinapinda nalo. Mguu ukishuka, vinashuka. Sikuwa na karatasi, nikachora nyuma ya risiti ya duka, vishale tu, vishale vya mwelekeo.

Usiku ule nilikata kitambaa kimoja, nikachora majani manne yanayofanana, nikatumia uzi mmoja wa kijani, rangi ile ile, nyuzi mbili mbili. Jani la kwanza nililijaza kwa vishono vya wima. La pili kwa vya mlalo. La tatu kwa vilivyotoka kwenye mshipa wa kati kwenda kingo kwa mshazari, la nne kwa kufuata mviringo wa ukingo. Asubuhi nilikiweka dirishani. Yalikuwa majani manne ya kijani nne. Muline ina mng'aro, na mwanga unapiga uzi uliolala tofauti na uliosimama. Nilikuwa nimenunua kijani tano kwa ajili ya kazi ya shule, pesa zimekwenda, wakati mbili zingetosha.

Jogoo wangu, nikimtazama sasa, ana mkia wa rangi mbili, nyuzi zote zikilala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa na gari.

Bienale ya Lubumbashi, onyesho kubwa la sanaa la kila miaka miwili, sitaielezea kwa urefu, kwa sababu nusu ya nilivyoviona sikuvielewa. Ilianza mwaka 2008 kwa juhudi za wasanii wa hapa, na toleo la 7, la 2022, lilipewa jina ToxiCity, mji na sumu. Nilitoka na maneno machache tu kichwani: hewa, vumbi, udongo. Shaba ya kwanza iliyeyushwa katika kiwanda cha hapa mwaka 1911. Upepo wetu mwingi hutoka kusini-mashariki, na kwa muda mrefu moshi wa ile shemine ndefu, bomba la moshi la kiwanda, ulilala juu ya mitaa ya upande wa pili. Kuna mahali miti haijarudi. Nimepita hapo tangu utotoni nikidhani ni uwanja.

Nilirudi kutazama chini. Udongo mtupu si mtupu kabisa. Kuna nyasi fupi, na kuna mmea mdogo wa jamii ya mrehani, jina lake la kitaalamu Haumaniastrum katangense, ambao watu huuita ua la shaba. Unamea pale shaba inapoua mimea mingine. Wataalamu wa mambo ya kale waliutumia kutafuta tanuru za wahunzi wa zamani: mahali ua limejazana, chini huenda kuna takataka za kuyeyushia shaba, na waliochoma wamekufa karne nyingi. Niliposoma hilo niliweka sindano chini nikakaa kimya. Mmea unaoonyesha kilicho upande wa nyuma wa ardhi!

Hiyo ikawa kazi yangu ya kumaliza masomo. Kitambaa cha pamba cha mita moja na nusu. Nilitaka kukipaka udongo wa pale pale, mama yangu akakataa sumu isiingie nyumbani mwake, na alikuwa na haki. Nikachimba udongo mwekundu wa kichuguu, huo huo tunaofyatulia matofali, nikauchekecha kwa kipande cha kikwembe, yaani kitenge, cha zamani, nikauchanganya na maziwa ya soya ili ushike, nikapaka tabaka tatu, kila moja likikauka juani. Katikati nikaacha sehemu tupu. Kuizunguka nililaza waya mwembamba wa shaba, wa mota iliyokufa niliyopewa na fundi wa redio. Waya haupiti ndani ya kitambaa, utakichana, unaulaza juu na kuukamata kwa vishono vidogo vya uzi kila baada ya milimita nne. Vidole vyangu vilitoboka. Na ua lenyewe nililifanya dogo, maua kumi na moja tu, zambarau iliyopauka, vistari vikigeuka jinsi Mwenze alivyonifundisha bila kunijua.

Ua la saba lilinishinda. Nililifumua mara tatu, mara ya nne nikaliacha.

Siku ya maonyesho ya wanafunzi nilimleta Kambo kwa teksi. Alivaa kikwembe chake cha sikukuu. Kitambaa changu kilikuwa kimebanwa ukutani kwa pini, na kando yake karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa kwamba kisiguswe. Watu walisimama mbele, wakapiga picha na simu, wakaendelea. Kambo alisimama muda mrefu. Alitazama waya, akatazama maua, akaniuliza ule wekundu ni wa udongo gani, nikamwambia kichuguu.

Halafu akatoa pini ya pembe ya chini, moja, ya pili, akakunja kitambaa kwa juu. Kijana aliyekuwa akilinda alianza kuja. "Mama, imekatazwa..."

"Ngoja kwanza, mwana," Kambo alimwambia bila kugeuka. Kidole chake kilipita polepole nyuma ya maua, la tano, la sita, kikasimama.

"Hapa ulirudilia," akasema.

"Mara tatu, Kambo."

Akarudisha pini zake mbili mahali pake, akajifuta mikono kwenye kikwembe, akauliza kama kuna mahali pa kukaa.